Postfix Imekataa Kuingia: Kusoma Dalili za Seva ya Barua Pepe Kabla ya Kuanza Upya

Mtu akinipigia simu kutoka Kakamega, Nakuru au hata mtaa wa pili hapa Kisumu kuniambia kwamba seva ya barua pepe imekataa kusakinishwa, huwa ananisomea mstari mmoja tu, ule wa mwisho kwenye skrini:

`E: Sub-process /usr/bin/dpkg returned an error code (1)`

Mstari huo hauna habari yoyote. Ni kama mgonjwa amwambie daktari "naumwa" kisha anyamaze. Programu ya kusakinisha, apt, inaripoti tu kwamba msaidizi wake, dpkg, ameshindwa kumaliza kazi. Sababu yenyewe ilishaandikwa juu zaidi, pengine mistari ishirini nyuma, katikati ya maandishi mengi yanayopita mbio. Kabla hujafuta chochote, rudisha skrini juu utafute mstari wa kwanza wenye neno `fatal`. Kama dirisha limeshafungwa, usihangaike: kila kilichopita kimehifadhiwa katika `/var/log/apt/term.log`.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona mashine ikifutwa na kusakinishwa Linux upya mara tatu kwa siku moja, na kosa likirudi lile lile kila mara, kwa kuwa lilikuwa kwenye jina la mashine na fundi aliandika jina hilo hilo kila mara. Katika shule, sacco na zahanati nilizohudumia huku Nyanza na Magharibi, ni mara chache sana Postfix yenyewe, ile programu inayopokea na kusafirisha barua, imekuwa na hitilafu. Karibu kila mara shida ilitangulia kufika: saa iliyopotoka, jina lisilofaa, programu nyingine iliyokalia poti (mlango wa mtandao wenye namba), au kazi iliyokatizwa na stima.

Mifano hapa ni ya aina mbili za Linux, Debian 12 na Ubuntu 22.04 na 24.04, maana ndizo ninazokutana nazo zaidi. Pale Linux nyingine kama AlmaLinux au Rocky zinapofanya tofauti nitataja.

Hazina ya vifurushi inakataliwa

Dalili ya kwanza huja hata kabla Postfix haijaguswa. Ukiona `Unable to locate package postfix`, endesha `sudo apt update` kwanza; mashine mpya huwa haina orodha ya vifurushi. Ukiona 404 kwenye kila anwani, angalia umri wa mfumo wako. Toleo likistaafu huhamishwa: Debian za zamani huhamia `archive.debian.org`, Ubuntu za zamani huenda `old-releases.ubuntu.com`. CentOS 7 ilifikia mwisho wake tarehe 30 Juni 2024, na tangu hapo mashine nyingi zinalalamika kwamba haziwezi kumpata `mirrorlist.centos.org`. Unaweza kuielekeza kwenye `vault.centos.org` ili uokoe data, lakini usijenge seva mpya ya barua juu ya mfumo ambao hauzibwi nyufa tena. Seva ya barua inakaa mlangoni, na watu wasiojulikana hubisha hodi usiku na mchana.

Kuna dalili nyingine ambayo huwachanganya hata mafundi wazoefu:

`Release file ... is not valid yet (invalid for another 412d 6h ...)`

Hapo mtandao hauna kosa. Saa ya mashine imerudi nyuma zaidi ya mwaka, kwa hiyo kila faili la hazina linaonekana limetoka siku zijazo. Nimeikuta mara nyingi kwenye kompyuta za msaada zilizoletwa shuleni zikiwa zimeshatumika miaka mingi: betri ndogo ya kwenye ubao, ile ya duara iitwayo CR2032, imekufa, na kila stima ikipotea saa hupotea nayo. Tazama kwa `timedatectl`. Washa usawazishaji kwa `sudo timedatectl set-ntp true`. Kama mtandao wa shule umefunga poti 123 ya UDP, weka saa kwa mkono kwa `sudo date -s`. Kisha nunua betri. Ukiiacha ilivyo, utamaliza usakinishaji vizuri, halafu siku stima itakapopotea saa itarudi nyuma tena, tarehe za barua na logi zitapotoka, nawe utatafuta kosa kwenye Dovecot, programu inayowapa watumiaji barua zao, ambako halipo.

Stima imepotea katikati ya kazi

Huku kwetu kando ya ziwa, mvua yenye radi huja zaidi alasiri kuelekea jioni, na stima mara nyingi huondoka nayo. Ndiyo sababu mimi husakinisha asubuhi. Lakini likishatokea, ukiwasha mashine utaona:

`dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a'`

Hii ni mojawapo ya jumbe chache zinazokuambia dawa moja kwa moja. Endesha amri hiyo, kisha `sudo apt --fix-broken install`. Mara nyingi inatosha.

Kosa jirani yake ni lile la `Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`. Ushauri uliozagaa ni kulifuta faili hilo la kufuli. Tafadhali usifanye hivyo. Soma mwisho wa ujumbe: umetaja namba ya mchakato na jina lake, na mara nyingi ni `unattended-upgr`, yaani mfumo unajisasisha wenyewe kimyakimya baada ya kuwashwa. Ukivunja kufuli, mtakuwa wawili mnaoandika daftari moja kwa wakati mmoja, na daftari hilo likiharibika hakuna kifurushi kitakachosakinishika tena. Subiri. Kwa bando la simu inaweza kuchukua hata nusu saa, lakini nusu saa ni bei ndogo.

Namba 75

Sasa tufike kwenye kosa ninaloulizwa kuliko yote. Jioni moja mwalimu wa kompyuta wa shule ya upili upande wa Kakamega alinipigia.

"Fundi, imeandika sabini na tano. Hiyo maana yake nini?"

"Mwalimu, hebu niambie kwanza, hiyo mashine inaitwaje?"

"Inaitwa kumi na nne. Ni ya kumi na nne pale maabara."

Tulikuwa tumeshapata jibu. Aliponisomea mistari ya juu, ilikuwa hivi:

`newaliases: warning: valid_hostname: numeric hostname: 14`
`newaliases: fatal: file /etc/postfix/main.cf: parameter myhostname: bad parameter value: 14`

na chini yake ndipo dpkg ikasema kwamba hati ya baada ya usakinishaji imerudisha hali ya makosa 75. Postfix hukataa jina lenye tarakimu tupu kwa sababu linaweza kudhaniwa ni anwani ya IP. Hukataa pia jina linaloanza au kuishia kwa kistari, na jina linaloishia kwa nukta. Watu wengi huweka nukta hiyo kwa kuwa waliiona kwenye rekodi za DNS (orodha ya majina ya mtandao), ambako ni sahihi kabisa. Kwenye jina la mashine si mahali pake.

Mtego uko hapa: ukibadilisha jina la mashine peke yake, kosa halitaondoka, kwa kuwa jina baya limeshaandikwa ndani ya `main.cf` wakati wa jaribio la kwanza. Ndivyo mwalimu alivyokuwa amezunguka tangu mchana. Inabidi urekebishe sehemu zote. Anza na mashine:

`sudo hostnamectl set-hostname posta.shuleyako.sc.ke`

Halafu fungua `/etc/hosts` na uhakikishe mstari huu upo, ama kila `sudo` itakulalamikia kwamba haimjui mwenyeji wake:

`127.0.1.1   posta.shuleyako.sc.ke   posta`

Kisha fungua `/etc/postfix/main.cf` kwa `nano`, sahihisha `myhostname`, na utazame `mydestination` kama jina la zamani limejificha humo. Angalia pia `/etc/mailname`. Mwisho, `sudo dpkg --configure -a`. Mwalimu alipomaliza mstari huo, Postfix ilisimama bila neno.

Nikiwa hapo: jina la seva lisiwe sawa na domeni yenyewe. Kama shule ina `shuleyako.sc.ke`, seva iite `posta.shuleyako.sc.ke` au jina jingine mbele yake. Itakusaidia siku tovuti itakapohamia kwingine huku barua zikibaki.

Faili la main.cf halipo kabisa

`fatal: open /etc/postfix/main.cf: No such file or directory`

Njia mbili huleta hali hii. Ya kwanza ni ile skrini ya maswali wakati wa usakinishaji: mtu asiyejua achague nini huchagua "No configuration" akidhani ni salama, na Postfix inamtii, haiandiki mipangilio yoyote. Endesha `sudo dpkg-reconfigure postfix` na uchague "Internet Site" kama seva itapokea na kutuma yenyewe, au "Satellite system" kama itapitisha kila kitu kwa seva nyingine.

Njia ya pili ni mtu aliyekasirika akafuta folda nzima ya `/etc/postfix` ili "aanze upya", kisha akasakinisha tena. Mfumo wa Debian unaheshimu ulichofuta. Ukiondoa kifurushi kwa `remove` na kukirudisha, faili za mipangilio ulizozifuta kwa mkono hazirudi zote, na kila amri inayofuata inakosa kitu kipya. Tumia `sudo apt purge postfix`, ndipo usakinishe. Hiyo tu ndiyo husafisha hadi kwenye kumbukumbu za dpkg.

Poti 25 ina mwenyewe

`fatal: bind 0.0.0.0 port 25: Address already in use`

Poti 25 ndiyo barua kutoka seva nyingine huingilia. Uliza nani ameikalia:

`sudo ss -ltnp 'sport = :25'`

Jibu litakuja na jina la mchakato, na kila jina lina hadithi yake. Ukiona `exim4`, basi kuna Exim, programu nyingine ya barua kama Postfix. Zikiingizwa kwa apt, Exim na Postfix haziwezi kukaa pamoja, moja humwondoa mwenzake. Kwa hiyo Exim iliyobaki hai ina maana ililetwa kwa njia nyingine au na programu ya kusimamia tovuti. Ukiona `sendmail`, nayo ya aina hiyo hiyo, kwenye AlmaLinux, endesha `sudo alternatives --config mta` na uchague Postfix, kisha simamisha huduma ya sendmail na uizuie kuamka mashine ikiwashwa.

Ukiona `docker-proxy`, mtu aliwahi kujaribu mfumo mzima wa barua ndani ya Docker, inayoendesha programu zikiwa zimefungiwa ndani ya kontena. Nilikuta hivyo kwenye ofisi ya sacco moja Nakuru: kijana wa mafunzo alikuwa amejaribu na kuondoka, kontena likabaki, na likaamka kila mashine ilipowashwa. `docker ps` ilituonyesha. Tuliuliza kwanza kama kuna barua ndani yake kabla ya kulizima, na kweli zilikuwepo za wiki mbili. Naomba uulize pia.

Na ukiona `master`? Huyo ni Postfix mwenyewe. Umeiwasha kwa `postfix start` na tena kwa `systemctl`. Unaweza kukuta pia ujumbe kuhusu `/var/lib/postfix/master.lock` kushindwa kufungwa. Chanzo ni kile kile. Endesha `sudo postfix stop`, kisha tumia systemctl peke yake kuanzia leo. Usiue mchakato kwa `kill -9`. Mzee akiuawa hivyo, watoto wake hubaki na kazi nusu mkononi.

Makosa mafupi yenye dawa fupi

`fatal: parameter inet_interfaces: no local interface found for ::1`. IPv6, ule mfumo mpya wa anwani za mtandao, imezimwa kwenye mashine, ila Postfix inaitafuta. Weka `inet_protocols = ipv4` kwenye `main.cf`.

`unsupported dictionary type: mysql`. Umeandika mipangilio ya hifadhidata bila kusakinisha kifurushi chake. Ni `postfix-mysql`, au `postfix-pgsql` kwa PostgreSQL. Kama inalalamikia `hash` na uko kwenye AlmaLinux 10, jua kwamba toleo hilo limeachana na Berkeley DB, hifadhidata ndogo ambayo `hash` huitegemea. Badilisha `hash:` ziwe `lmdb:` na uendeshe `postmap` na `newaliases` upya.

`open database /etc/aliases.db: No such file or directory`. Endesha `sudo newaliases`.

`systemctl status postfix` inasema `active (exited)`. Huo si ugonjwa. Kwenye Debian na Ubuntu nilizotaja mwanzoni, huduma iitwayo `postfix` ni kivuli tu. Inayofanya kazi ni `postfix@-`. Itazame hiyo, na logi zake zisome kwa `journalctl -u postfix@-`. Debian 12 haiji na rsyslog, kwa hiyo usishangae ukikosa `/var/log/mail.log`.

Kuhusu logi, nieleze jambo moja litakalokuokolea muda. Wietse Venema alipoitoa Postfix mwaka 1998, aliijenga kama programu nyingi ndogo, kila moja na kazi yake, badala ya programu moja kubwa inayofanya yote. Kila mstari wa logi hutaja ni nani anayesema. `postfix/smtpd` ni mpokeaji wa barua zinazoingia. `postfix/smtp`, bila ile d, ni mpeleka barua za kutoka. `postfix/qmgr` ni msimamizi wa foleni. `postfix/local` ni anayeweka barua kwenye sanduku la mtumiaji wa mashine. Herufi moja hiyo ya d imewapotosha wengi: wanatengeneza mlango wa kuingilia wakati aliyekwama ni anayetoka.

Dovecot inakataa kuwaka

Postfix husafirisha, Dovecot ndiyo inayompa mtumiaji barua zake kwenye simu au kompyuta. Zikikosana, wa kulaumiwa huwa soketi iliyo kati yao:

`warning: SASL: Connect to private/auth failed: No such file or directory`
`fatal: no SASL authentication mechanisms`

Kwa mtumiaji, dalili ni kwamba programu ya barua inaunganika kisha inakatwa papo hapo. Postfix inamtafuta Dovecot ndani ya `/var/spool/postfix/private/auth` ili amthibitishie nywila, lakini mlango huo haujatengenezwa. Kwenye `/etc/dovecot/conf.d/10-master.conf`, ndani ya `service auth`, weka:

```
unix_listener /var/spool/postfix/private/auth {
  mode = 0660
  user = postfix
  group = postfix
}
```

Washa Dovecot upya kwanza, halafu Postfix. Kama ujumbe ulisema `Permission denied` badala ya `No such file`, mlango upo na mmiliki wake ndiye si sahihi. Tazama mistari ya `user` na `group`.

Kosa la pili ni la cheti cha usalama cha seva. Katika Dovecot 2.3, njia ya cheti huandikwa na alama ya `<` mbele yake:

`ssl_cert = </etc/letsencrypt/live/posta.shuleyako.sc.ke/fullchain.pem`

Mtu anayenakili kwa mkono huiona alama hiyo kama uchafu na kuiacha. Bila hiyo, Dovecot inachukua ile njia kama maandishi ya cheti chenyewe, na bila shaka inakuta si cheti. Logi itakukumbusha kuhusu alama hiyo, ukiisoma hadi mwisho.

Halafu lipo jipya. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, imekuja na Dovecot 2.4, na lugha ya mipangilio imebadilika. Ukipandisha mfumo kutoka Debian 12 na mipangilio ya zamani, au ukifuata mwongozo wa miaka iliyopita, utakutana na sentensi kwamba mpangilio wa kwanza lazima uwe `dovecot_config_version`. Hakuna njia ya mkato hapa. `mail_location` imegawanyika kuwa `mail_driver` na `mail_path`. Nayo `ssl_cert` imekuwa `ssl_server_cert_file`, na safari hii haitaki ile alama ya `<`. Kwa seva inayotumiwa na watu, ushauri wangu ni kwamba usipandishe toleo siku ya kazi. Chukua mashine ya pili, hata laptopu ya zamani, ujaribu mipangilio humo hadi `doveconf -n` ikubali bila lalamiko.

Imesakinishwa, lakini barua haziondoki

Hapa ndipo mafundi wengi huamini walikosea usakinishaji, wakati usakinishaji ulikwisha vizuri. `mailq` inaonyesha foleni inayokua, na logi inasema:

`connect to gmail-smtp-in.l.google.com[...]:25: Connection timed out`

Fanya majaribio mawili, moja baada ya jingine:

`nc -vz gmail-smtp-in.l.google.com 25`
`nc -vz smtp.gmail.com 587`

La kwanza likining'inia na la pili likafunguka, basi anayekupa intaneti amefunga poti 25 kwa wanaotoka. Hufanya hivyo ili kompyuta zilizoambukizwa zisimwage barua taka kwa jina lake. Wakodishaji wa seva pia hufanya: Google Cloud imeifunga, na AWS huizuia kwenye EC2 hadi uombe ifunguliwe. Hakuna mstari wa `main.cf` utakaoifungua. Piga simu uombe, au pitisha barua kwa seva nyingine ya kati kupitia poti 587.

Ukiona pia `Network is unreachable` kwa anwani ndefu yenye nukta pacha nyingi, hiyo ni IPv6 usiyo nayo. Postfix itajaribu IPv4 baada yake. Nimeona mtu akipoteza siku mbili akiifukuza hiyo, wakati kosa la kweli lilikuwa mstari wa chini.

Kwa seva iliyoko ofisini hapa Kisumu kwenye intaneti ya kawaida, kuna kipimo kingine cha lazima. Ingia kwenye ruta uangalie anwani yake ya nje. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, mnashiriki anwani moja ya umma na wateja wengine wengi, na hakuna seva duniani itakayoweza kukubishia hodi. Utatuma kupitia mtu wa kati, lakini hutapokea. Namwambia mteja hivyo siku ya kwanza, kabla hajanunua mashine: omba anwani ya kudumu, au kodi seva ndogo nje na uiache ya ofisini ihifadhi nakala. Ni maneno magumu kusema mbele ya bodi ya shule iliyokwisha kuchanga pesa, lakini ni afadhali wayasikie mapema.

Ukichagua kupitia 587, haya ndiyo ya kuongeza:

```
relayhost = [smtp.mtoahuduma.com]:587
smtp_sasl_auth_enable = yes
smtp_sasl_password_maps = hash:/etc/postfix/sasl_passwd
smtp_sasl_security_options = noanonymous
smtp_tls_security_level = encrypt
```

Mabano ya mraba yana maana: yanaiambia Postfix iende kwa seva hiyo moja kwa moja bila kutafuta rekodi ya MX, ile inayotaja seva ya barua ya domeni. Faili la nywila lifunge kwa `chmod 600` na uendeshe `postmap` juu yake. Likija kosa la `No worthy mechs found`, sababu ni mbili. Ama hukusakinisha `libsasl2-modules` (kwenye AlmaLinux ni `cyrus-sasl-plain`), ama umesahau mstari wa `smtp_sasl_security_options`, kwa kuwa chaguo la awali la Postfix hukataa nywila za maandishi wazi na ujumbe unaotoka ni huo huo.

Kuna hali moja zaidi, na inahusu hasa sisi tunaosakinisha kwa mtandao wa simu kisha tunaipeleka mashine kwenye fiba ya ofisi. Logi inasema `Host not found, try again`, wakati `dig` kwenye terminali hiyo hiyo inajibu vizuri. Postfix ya Debian 12 huendesha sehemu zake nyingi ndani ya `/var/spool/postfix`, na humo ina nakala yake ya `resolv.conf`. Nakala hiyo bado inauliza majina kwa simu yako, ambayo uliondoka nayo. Linganisha mafaili mawili:

`diff /etc/resolv.conf /var/spool/postfix/etc/resolv.conf`

Yakitofautiana, `sudo systemctl restart postfix` hunakili upya.

Mashine ndogo, mzigo mkubwa

Kama umeongeza ClamAV, programu ya kukagua virusi, kwenye seva ya kukodi yenye gigabaiti 1 ya RAM, na huduma ya `clamav-daemon` inakufa kila baada ya dakika chache, usitafute kosa kwenye mipangilio. Hifadhidata yake ya virusi peke yake hula zaidi ya gigabaiti hiyo. `journalctl -k | grep -i "out of memory"` itakuthibitishia. Ongeza RAM au iondoe. Diski ikijaa, ishara ni `452 4.3.1 Insufficient system storage`. Tazama `df -h`, na pia `df -i`, kwa sababu masanduku ya aina ya Maildir huweka kila barua kwenye faili lake na idadi ya mafaili inaweza kuisha kabla ya nafasi.

Kabla hujafunga begi

Kila kitu kikikubali, usiondoke. Endesha `systemctl is-enabled postfix dovecot` na uhakikishe zote mbili zinajibu `enabled`. Kisha zima mashine kabisa, chomoa waya wa stima, subiri dakika moja, uwashe. Angalia saa. Angalia poti 25, 587 na 993 kwa `ss -ltn`. Tuma barua moja kwenda nje na umwombe aliye nje ajibu, usubiri jibu lake liingie kwenye sanduku la mwenye seva, kwenye simu yake mwenyewe, akiwa amekaa karibu nawe.